Mwosha Mifupa wa Mavrolithi

Kwetu Mavrolithi, kijiji cha mlimani mbali na Athene, wafu hawakai kaburini daima. Mlima ni mwamba mtupu, nafasi ya kuzikia ni finyu, kwa hiyo mtu akishalala miaka yake ya kutosha na udongo ukachukua chake, tunamtoa. Mifupa inaoshwa kwa divai, inaanikwa juani juu ya shuka jeupe, kisha inatiwa katika sanduku lenye jina lake na kupelekwa kwenye nyumba ya mifupa nyuma ya kanisa, akakae na wazazi wake. Kazi ya kuosha ilikuwa ya Garifalia. Nililetwa hapa bibi harusi kutoka bondeni, sasa nina wajukuu na bado wananiita "mgeni", na katika miaka yote hiyo sijaona mikono mingine ikiifanya.

Mara ya kwanza kumwona kazini ilikuwa siku tuliyomtoa mama mkwe wangu. Mimi nilishika jagi la divai. Garifalia alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, sketi yake nyeusi ameitandaza. Mchimba kaburi akampa fuvu. Akalipangusa kwa kidole gumba, polepole, hadi ndani ya mashimo ya macho, akalibusu kwenye paji.

"Karibu, Marigo," akaliambia. "Na ulivyokuwa ukijisifia mashavu! Umekonda, dada."

Watu wakacheka, mimi nikaangua kilio. Akanigeukia.

"Mgeni, nimekuomba divai, sikuomba machozi. Mimina."

Ndivyo tulivyokuwa marafiki, mimi na yeye.

Udongo wa kwetu haujui kunyamaza. Jembe likizama kidogo linatoa vigae vya Waturuki. Likizama zaidi, sarafu za Warumi zilizoliwa na kutu. Zaidi ya hapo, marumaru ya wale wa kale wenyewe, waliojenga mahekalu, ambao kila mgeni kutoka nje anadai kuwajua kuliko sisi wajukuu zao. Ukuta wa kanisa letu una jiwe la hekalu chini kabisa. Juu yake kuna matundu ya risasi za wakati babu zetu walipowafukuza Waturuki, na juu ya matundu hayo kuna masizi ya siku Wajerumani walipokichoma kijiji. Watalii wanapiga picha lile jiwe la chini. Masizi hawayaoni.

Sisi kwa kweli wale wa kale tunawaogopa, na si kwa ajili ya mizimu. Ukichimba msingi ukakuta kitu chao, sheria inasema uwaite watu wa mambo ya kale, na wakifika tu, kazi inasimama. Jirani yetu mmoja alikuta mtungi. Uwanja ukazungushiwa kamba, vibali vikasubiriwa, na mtini ukaota mahali ambapo ingekuwa sebule yake, ukakua mpaka ukazaa. Tangu hapo hakuna mtu kijijini anayekuta kitu. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anafukia.

Sasa nimseme Fotis, maana bila Fotis hakuna Garifalia.

Fotis alikuwa kaka yake. Wajerumani walipoondoka watu walidhani vita vimekwisha, kumbe vile vya ndugu kwa ndugu vilikuwa vinakoka moto. Fotis alikuwa kijana asiye hata na ndevu za kunyoa. Akavaa buti za baba yao, aliyekufa mwaka wa njaa, akapanda mlimani kwa waasi. Buti zile zilikuwa na misumari chini, ila ya kulia ilikuwa imepasuka, na marehemu alikuwa ameishonea kipande cha tairi la lori. Kwa hiyo Fotis akipita kwenye mawe ya njia ulisikia mguu mmoja tu. Ta. Kimya. Ta. Kimya. Mama yao alikuwa akimtambua kwa mlio huo kabla hajatokea kwenye kona, anaanza kupakua chakula.

Siku moja, saa ile ya mchana ambapo kijiji kizima kimelala na hata mbwa habweki, Fotis aliteremka kutafuta mkate. Garifalia alikuwa msichana mdogo, amesimama nyuma ya mlango na mkate umefungwa kwenye kitambaa. Akausikia mguu. Ta. Kimya. Ta. Kisha zikasikika risasi upande wa uwanja wa kupuria ngano. Huko walikuwa wamejificha wanakijiji wengine, waliopewa bunduki na serikali, na mkubwa wao alikuwa Tasos, ambaye shamba lake linapakana na uwanja huo.

Mama yao akaenda mlangoni kwa Tasos, nywele wazi, akaomba mwili tu. Tasos akamwambia: "Mimi sijamwona mtu huyo."

Hawakumpa. Huyo mama aliishi miaka mingi baadaye, na alipokuwa anakata roho alimshika bintiye mkono akamwambia akimleta Fotis amweke pembeni yake. Ndiyo sababu katika nyumba ya mifupa, rafu ya tatu, kando ya sanduku la yule mama, palikuwa na pengo. Masanduku yamesongamana mpaka dari, lakini pale hapawekwi kitu. Padri mmoja mgeni aliwahi kuweka pale sanduku la mtu. Kesho yake tulilikuta chini, limefungwa vizuri, na Garifalia amesimama kando yake.

Alikuwa na mchumba, asifikiriwe hakutakiwa. Sotiris, fundi seremala, alikwenda Australia kama nusu ya vijana wa wakati ule, akapata kazi, akamtumia tiketi ya meli. Garifalia akafunga sanduku lake la nguo, akateremka hadi barabarani kungoja basi. Basi lilifika, dereva akafungua mlango, akamngoja. Naye akageuka akaanza kupanda mlima kurudi.

Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza vibaya, nilikuwa kijana na ulimi wangu haukuwa na breki.

"Nilimsikia," akasema. "Ilikuwa mchana. Alikuwa anakuja nyuma yangu. Sasa akija kuulizia mkate, akute nani nyumbani?"

Kijiji kikasema ameolewa na mfu. Walimsema hivyo kwenye mgahawa wa kahawa, na wengine walimsema mbele yake. Mimi pia nilikuwa nacheka, hadi mwaka nilipojifungua mtoto wa pili, nikashindwa kulala mchana kwa joto, nikakaa dirishani nikinyonyesha. Njia ilikuwa tupu, jua limepiga mawe mpaka yameng'aa. Nikasikia mtu anapita chini ya dirisha langu. Ta. Kimya. Ta. Nikachungulia. Hapakuwa na mtu, hapakuwa hata na paka. Mguu ukaendelea hadi kona ya Garifalia ukakoma. Nilifunga dirisha, na sikumwambia mume wangu, maana angesema ni homa ya uzazi. Tangu siku hiyo sijamcheka tena.

Tasos alikufa kitandani mwake, mzee, amekula chumvi nyingi. Wakati wake ukafika wa kutolewa, na mwoshaji alikuwa mmoja tu. Kijiji kizima kilikwenda makaburini, hata wale ambao huwa hawaendi, na usiniambie walikwenda kusali. Kanellos, mwanawe, alikuwa amesimama kando, amevua kofia, uso umemshuka.

Garifalia akapokea fuvu la Tasos. Akaliosha kama alivyoosha ya wengine, vile vile, hakuacha hata chembe ya udongo. Alipomaliza akaliweka mapajani, likamtazama, naye akalitazama.

"Tasos," akasema, "mimi nimekuosha. Sasa niambie umemweka wapi."

Akangoja! Haki ya Mungu alingoja jibu. Padri Serafim akaacha kusoma. Ubani ukawa unafuka peke yake. Mwishowe Garifalia akalitia fuvu sandukuni, akafunika, akasema, "Bado mkaidi," akanawa mikono.

Kanellos alikuwa hajazaliwa wakati wa mambo yale, na nitasema ukweli, ni mtu mwema. Kila vuli alipanda juu ya paa la Garifalia kubadilisha vigae vilivyovunjika, bila kuombwa, na kila mavuno alimwachia mafuta ya zeituni mlangoni. Hakuwahi kusema kwa nini, naye hakuwahi kuuliza. Ila kulikuwa na jambo moja la baba yake. Katika shamba lile la kando ya uwanja wa kupuria, kuna kona ambayo Tasos hakuilima maisha yake yote. Iliota miiba. Ukimuuliza, alisema, "Pale pana wale wa kale. Waacheni." Sisi tukamwamini kwa namna yetu: tulisema mzee amekuta kaburi la mfalme, amekalia dhahabu, anaogopa watu wa mambo ya kale. Kanellos naye alikua akiamini hivyo. Na ni nani angefikiri vingine, katika nchi ambayo kila mwenye shamba ana siri kama hiyo?

Mwaka juzi Vasso, binti wa Kanellos, akaamua kurudi kutoka Ujerumani na mumewe na watoto. Huwezi kujua maana yake kwetu. Shule ilifungwa zamani, kengele yake imebebwa na wezi wa vyuma, na mtoto wa mwisho kubatizwa hapa sasa ananyoa ndevu. Kanellos akasema atawajengea nyumba shambani, na kona ile ya miiba ndiyo yenye mwamba imara. Akachimba mwenyewe. Nyumba ikaanza kupanda haraka, sakafu ikamwagwa, nguzo zikasimama, na sote tukafurahi.

Lakini Kanellos akaanza kukonda. Alikuwa mtu wa kulala mchana kama gogo. Sasa ukichungulia saa hizo unamwona amekaa nje juani, mgongo ameupa ile nyumba, anavuta sigara moja baada ya nyingine.

Akatujia siku moja tukiwa uani kwa Garifalia tunamenya maharage. Akasimama mlangoni anazungusha kofia.

"Shangazi," akasema, maana kijiji kizima kilimwita hivyo, "nina swali la kijinga."

"Yako yote ni ya kijinga, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Hawa wale wa kale. Wale wa mahekalu. Walikuwa wanavaa buti?"

Nikaangua kicheko. "Buti? Kanellos, hujaona masanamu? Nusu yao hata suruali hawana!"

Hakucheka. Alikuwa anamtazama Garifalia tu.

"Buti yenye tairi la gari kwenye soli," akasema.

Garifalia aliweka ganda la harage alilokuwa nalo kwenye bakuli la maharage, na harage akaliweka kwenye maganda. Nikamwona anafanya hivyo, nikaacha kumenya.

"Mguu gani?" akauliza.

"Wa kulia, Shangazi."

Ndipo akasimulia, bado amesimama. Kwanza kilitoka kipande cha marumaru, kisha vigae, kisha mifupa. Ilikuwa mchana, kijiji kimelala. Akajua ni wao, wale wa kale aliowasema baba yake. Akajiambia watu wa mambo ya kale wakija, mtini utaota hapa pia, na Vasso hatarudi tena katika maisha yake.

"Buti niliiona," akasema. "Siwezi kukudanganya. Niliiona nikajiambia ni ya mchungaji, imeangukia humo tu. Nikawasha mashine, nikamwaga zege. Sikutaka kuangalia mara ya pili. Sasa kila mchana, Shangazi, mtu anatembea chini ya sakafu yangu. Mguu mmoja."

Mimi nilitaka kumpiga kofi. Nilikuwa nimeshanyanyuka. Garifalia akanivuta sketi nikakaa.

"Baba yako alikuambia pana nini pale?"

"Wale wa kale."

"Basi alishamzeesha Fotis," akasema Garifalia. "Mtoto wa watu hakufika hata ishirini."

Mambo kama haya hayakai uani. Jioni ile ile mgahawa ulikuwa umejaa, na kila mtu ana ushauri. Polisi, alisema mmoja, akazomewa: Fotis achukuliwe, apelekwe Athene, akae kwenye droo na namba? Padri Serafim, ambaye ana moyo mzuri lakini hapendi ugomvi, alikuja kwa Garifalia akamshika mkono.

"Dada Garifalia, nitasoma sala zote juu ya ile sakafu. Watoto watacheza juu yake, watacheka. Kuna kaburi gani zuri kuliko hilo? Kijiji kinakufa, unajua. Watoto hao ndio tulio nao."

"Najua, Padri."

"Basi tumwache apumzike hapo?"

"Padri, mimi nimeosha kila mtu wa kijiji hiki. Nimemwosha aliyemuua. Na mimi nataka kuosha wa kwangu."

Padri akakubali, na mimi nikamheshimu kwa hilo. Kanellos alimpigia simu binti yake. Alituambia kwamba Vasso alisema hatalaza watoto wake juu ya mtu, wala mahali palipotolewa mtu. Wakati naandika haya hajarudi.

Kanellos akaivunja sakafu kwa mkono wake. Alileta mashine ya kupasulia zege, na mlio wake ulisikika hadi bondeni. Tulikuwa tumetandika shuka jeupe kwenye uwanja wa kupuria, divai ipo, sanduku jipya lipo, jina limeshaandikwa. Garifalia alikuwa amekaa tayari, miguu ameinyoosha, mikono imefunguka mapajani kama mtu anayesubiri kupewa mtoto.

Mashine ikazimwa. Kanellos akatoka amejaa vumbi, kijivu mwili mzima.

"Shangazi, hatoki."

Zege lilikuwa limeingia kila mahali. Lilikuwa limepita kati ya mbavu, limejaza kinywa. Kuitenganisha mifupa na zege kungekuwa kuisaga iwe unga. Aliyekuwa akimsaidia, fundi wa kijiji cha jirani, alisema kinachowezekana ni kukata bonge zima. Wakamtazama Garifalia.

"Mleteni alivyo," akasema.

Wanaume wanne walilibeba, wakihema, wakaliweka juu ya shuka mbele yake. Bonge la jiwe la kijivu, ukubwa wa kondoo aliyelala. Upande mmoja palichomoza soli nyeusi ya mpira. Upande mwingine zege lilikuwa limebanduka kidogo, na paji la uso likaonekana, kipande cha kutosha kuwekwa kidole kimoja.

Nilimngoja aseme neno. Kwa kila mfu alikuwa na neno, la utani au la kumchokoza kidogo, na sote pale tulikuwa tunalingoja, tulilihitaji. Hakusema kitu. Akalisogelea kwa magoti, akainama, akapabusu pale palipo wazi. Kisha akaninyooshea mkono nikammiminia divai.

Divai haikuingia. Iliteleza juu ya zege ikachuruzika shukani, shuka likawa jekundu, na bonge likabaki kijivu vile vile. Akaomba tena. Akasugua kwa viganja, kila upande, akatafuta mabega yalipo, akatafuta mikono, vidole vyake vikikwaruzika hadi vikatoka damu, na bado akasugua. Jagi likaisha, watu wakakimbia majumbani kuleta divai yao. Jua lilikuwa utosini. Hakuna aliyekwenda kulala mchana ule. Kanellos alipiga magoti upande wa pili akitaka kusaidia, mikono akaileta mbele, halafu akairudisha, hakujua aiweke wapi.

Sandukuni hakuingia, bila shaka. Kwenye lile pengo la rafu hakuingia pia. Wakamweka sakafuni katika nyumba ya mifupa, chini ya mama yake, na Padri Serafim akasoma jina lake kwa sauti, Fotis, jina ambalo kanisa letu lilikuwa halijalisikia tangu ubatizo wake.

Baada ya hapo sisi hupanga mstari kumpa mkono mwenye msiba, na neno ni moja tu kwa watu wote, liwe la kifo cha jana au cha zamani: uishi umkumbuke. Kila mmoja akapita. Uishi umkumbuke, Garifalia. Uishi umkumbuke, Shangazi. Naye akaitikia kwa kichwa, mkono wake umelowa divai na damu.

Kanellos alikuwa wa mwisho. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shangazi," akasema, "uishi um..."

"Mimi nimeshamkumbuka," akamkatiza, bila hasira, kama mtu anayekabidhi kazi aliyoichoka. "Sasa ishi wewe, umkumbuke."

Akauchomoa mkono wake, akapita mlangoni, akaenda nyumbani kulala. Kanellos akabaki pale amesimama na lile bonge.